Ushuru wa Samaki Urudi Majini

Mwaka 1994 halmashauri tatu za mkoa wa Tanga, yaani Manispaa ya Tanga, Muheza na Pangani, zilianza kazi ambayo wakati ule haikuwa na mfano mkubwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa fedha za serikali ya Ireland na ushauri wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, maofisa wa wilaya walikwenda vijijini kukaa na wavuvi na kuorodhesha yaliyoharibika. Wavuvi hawakuhitaji kufundishwa. Walijua mwamba upi umevunjwa kwa baruti, wapi juya limekwangua nyasi bahari, na mikoko ya upande gani imekatwa hadi tope likabaki tupu. Baada ya majadiliano marefu sehemu kubwa ya pwani ya mkoa iligawanywa katika maeneo sita ya usimamizi wa pamoja. Majina kama Mtang'ata, Boza–Sange na Deepsea–Boma yakaingia katika nyaraka za serikali, kila eneo na mpango wake, miamba yake iliyofungwa, sheria ndogo zake na kamati yake ya doria. Milipuko ya baruti ikapungua sana.

Mwaka 2007 mradi ulifungwa. Boti zilibaki, petroli ikakatika. Halmashauri, ambazo kwa maandishi ndizo zilizokuwa wenye kazi tangu siku ya kwanza, hazikuwa na fungu la kutosha kulipia doria, na haikuchukua muda mabomu yakaanza kusikika tena. Kufikia miaka ya 2010 pwani ya Tanga ilikuwa imerudi miongoni mwa sehemu zinazotajwa zaidi nchini kwa uvuvi wa baruti. Ilibidi serikali kuu iingie kwa nguvu, pamoja na kikosi kazi cha vyombo mbalimbali kilichoundwa mwaka 2015, ndipo milipuko ikashuka kwa kasi kuelekea mwisho wa muongo ule. Katikati hapo miaka ilikuwa imepotea, na mwamba wa matumbawe uliosagwa kwa bomu huchukua makumi ya miaka kujijenga upya, kama utajijenga.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Sehemu ya fedha ambazo halmashauri inazikusanya kutokana na samaki irudi kuwalinda samaki na viumbe wengine wa maji yale yale. Irudi kila mwaka, kwa kiwango kilichoandikwa katika sheria, bila kungoja mfadhili.

Fedha zenyewe zipo. Mvuvi akitaka kuingiza chombo majini lazima akikatie leseni, na kwa vyombo visivyofikia urefu wa mita 11 leseni hiyo hutolewa wilayani. Samaki wakishafika mwaloni au dikoni, ushuru wa halmashauri unawasubiri. Wakipelekwa sokoni, kuna ushuru wa soko. Gari likiwasafirisha, kuna kituo cha ukaguzi njiani. Mwaloni Kirumba, soko la samaki lililo katika Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, ni mahali ambapo dagaa wakavu wa Ziwa Victoria hupakiwa kwenda Congo, Rwanda na Burundi, na kila gunia lina stakabadhi yake. Soko la Feri jijini Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa Japani, huingiza ushuru tangu alfajiri minada inapoanza. Kilwa, Mafia, Ukerewe, Muleba, Uvinza, Nkasi: katika wilaya za namna hii samaki si pambo la bajeti. Ni mhimili wake.

Fedha hizo zikishakusanywa huingia katika chungu kimoja kinachoitwa mapato ya ndani, na humo hupoteza asili yake. Hununua madawati, humalizia zahanati iliyokwama kwenye lenta, hulipa posho za vikao vya madiwani na mafuta ya magari ya ofisi. Hakuna kosa katika kununua dawati. Mtoto aliyekaa sakafuni anaonekana, na diwani anayempatia dawati anaweza kusimama mbele ya wananchi akalitaja. Mwamba unaoanza kurudisha changu na tasi uko chini ya maji, hauhutubii mkutano, na matokeo yake yanaweza kuja baada ya diwani huyo kuondoka madarakani. Ndiyo sababu, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, fungu la uvuvi huwa la kwanza kukatwa kila makusanyo yanapopungua.

Nafasi ya afisa uvuvi wa wilaya inaonyesha tatizo hili vizuri kuliko jedwali lolote. Sera na kanuni anazozisimamia zinatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, lakini yeye mwenyewe ni mtumishi wa halmashauri, chini ya mkurugenzi na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Mtu huyu mmoja hutoa leseni, husimamia ushuru, hukusanya takwimu za mavuno, hukagua nyavu na huongoza doria. Kazi za mwanzo zinaleta fedha na za mwisho zinakula fedha. Mwaka wa bajeti unapokaribia kufungwa mwezi Juni, swali analoulizwa kwa mkazo ni kama amefikia lengo la makusanyo. Kumwambia mtu huyo afunge mwamba au apunguze idadi ya vyombo ni kumtaka apunguze namba anayopimwa kwayo.

Ziwa Tanganyika lilitoa mfano wa wazi mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa, katika makubaliano na majirani wanaolichangia, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa upande wa uhai wa ziwa hatua hiyo ilikuwa na sababu nzito. Tanganyika ni miongoni mwa maziwa yenye viumbe wengi wa pekee duniani; samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote, na mavuno ya dagaa yamekuwa yakishuka huku wavuvi wakiongezeka na maji yakipata joto. Lakini uamuzi uliokubaliwa na nchi nne ulitua juu ya bajeti za halmashauri za Kigoma, Katavi na Rukwa. Miezi mitatu bila minada ni miezi mitatu bila ushuru. Halmashauri isiyo na mfuko uliowekwa kwa ajili ya majira kama hayo ina kila sababu ya kuichukia likizo ya samaki, hata kama wataalamu wake wanaiunga mkono. Ingekuwa na akiba iliyotokana na ushuru wa miezi ya neema, ingeweza kuwalipa wavuvi wale wale waliokaa bila kazi wafanye doria, wapime mazalia, wapande miti kwenye kingo za mito inayoleta tope ziwani.

Doria ni rahisi kuieleza na ngumu kuilipia. Panahitajika boti ya faiba na injini, petroli na oili, jaketi okozi, tochi, muda wa maongezi kwenye simu, na posho ya watu wanaokesha usiku ambao vinginevyo wangekuwa baharini wakijitafutia riziki. Mhalifu akikamatwa panahitajika nauli ya kumpeleka shahidi mahakamani, mara ya kwanza, ya pili, na mara zote ambazo kesi itaahirishwa. Boti hununuliwa mara moja. Mengine yote ni gharama ya kila mwezi. Wafadhili kwa desturi wamekuwa wepesi kununua boti, maana inahesabika na ina tarehe ya makabidhiano. Nani atalipia petroli ya mwezi wa thelathini baada ya mradi kufungwa? Swali hilo limeachwa kwa halmashauri kila mara.

Hata utaratibu wa bajeti unaongeza ugumu. Miongozo ya serikali imekuwa ikizitaka halmashauri zitenge sehemu kubwa ya mapato ya ndani, asilimia 40 au 60 kulingana na uwezo wao, kwa miradi ya maendeleo. Nia yake ni njema: kuzuia fedha zote zisiishie kwenye posho na chai. Ila katika vichwa vya watayarishaji wa bajeti, maendeleo ni saruji na bati. Doria inahesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo yanayobanwa. Mahali ambapo samaki ndio uchumi, kulinda mazalia kunastahili kuitwa maendeleo kwa haki ile ile ambayo ujenzi wa soko unaitwa maendeleo, kwa kuwa soko bila samaki ni jengo tu.

Miradi mikubwa imekuja na kuondoka. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Mwaka 2005 ukaja MACEMP kwa ajili ya bahari na pwani ya Tanzania, Bara na Visiwani, wenye mkopo wa zaidi ya dola milioni 50. Mwaka 2015 ukafuata SWIOFish, mradi wa uvuvi wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kenya nayo, tangu 2020, imekuwa na mradi wa uvuvi wa KEMFSED katika kaunti za pwani. Si haki kusema kwamba miradi hiyo haikuacha kitu. Vikundi vingi vya wavuvi vilivyopo leo vilizaliwa au kulelewa nayo. Tatizo liko kwenye vipindi vya katikati, pale mradi mmoja unapofungwa na mwingine haujafunguliwa. Samaki hawana vipindi vya katikati. Chewa anayekua polepole, anayehitaji miaka kadhaa kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, anaweza kuvuliwa akamalizika katika likizo moja ya ufadhili.

Tanzania inayo sheria inayoonyesha kwamba kufunga kiwango kunawezekana. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023 ili upangwe upya, ukarejea mwaka 2024. Haukuwa na utekelezaji safi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikizitaja halmashauri ambazo hazikutoa asilimia hiyo yote, na mikopo ambayo haikurejeshwa. Lakini ndiyo faida yenyewe ya namba iliyoandikwa: mkaguzi anaweza kuiuliza. Halmashauri isiyotenga chochote kwa ajili ya mazalia ya samaki leo haina hoja ya ukaguzi ya kujibu, kwa sababu hakuna mstari ambao imeuvunja.

Wapo watakaosema kwamba kulinda samaki kuna wenyewe tayari. Kwa sehemu ni kweli. Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ilianzisha hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilitangazwa mwaka 1995 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822. Ikafuata ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, kisha ya Silikanti mkoani Tanga mwaka 2009, kumlinda samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dainosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumkuta kwenye majarife yao ya maji marefu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hifadhi hizi zina menejimenti yake na ada zake za watalii. Ila zimezunguka sehemu ndogo ya ukanda wa pwani. Bahari iliyobaki, pamoja na maziwa, iko mikononi mwa halmashauri na vijiji, na huko ndiko wavuvi wadogo walio wengi wanakovua.

Mikononi mwa vijiji maana yake ni mikononi mwa vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kila mahali kwa kifupi cha BMU. Vilianza upande wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, vikapata mguu katika Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, vikaenea pwani. Wanachama wake ni wavuvi, wachuuzi, wakaanga samaki, mafundi wa mitumbwi. Ni watu wanaojua nani ana wavu haramu wa kokoro na ameuficha kichaka gani. Hakuna afisa wa wilaya anayeweza kushindana nao kwa taarifa. Na bado, kwa muda mrefu, wamefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kumtaka mvuvi akamkamate jirani yake mwenye baruti, kwa mtumbwi wake mwenyewe na mafuta yake mwenyewe, ni kumtaka mengi mno. Matokeo yake yanajulikana: baadhi ya vikundi vimelala, na vingine wanachama wake wamedaiwa kupokea kitu kidogo ili wafumbe macho. Lawama ya rushwa hiyo haiwezi kuishia kwa mwanachama wa BMU aliyeachwa bila senti.

Kilwa na wilaya jirani zake zilijaribu njia nyingine, zikisaidiwa na shirika la uhifadhi la WWF: BMU zikapewa jukumu la kukusanya ushuru wa samaki kwa niaba ya halmashauri na kubakiwa na sehemu yake kwa ajili ya kazi zao. Mantiki yake ni nzuri. Kikundi kinachokusanya ushuru kina maslahi ya kuona samaki wanapita dikoni na si kwenye magendo, na kinachobakiwa na sehemu kina mafuta ya doria. Udhaifu wake ni kwamba mipango ya namna hii husimama juu ya mkataba na utashi wa viongozi waliopo. Mkurugenzi akihamishwa, au agizo jipya la ukusanyaji likitoka, makubaliano yanaanza upya au yanakufa.

Kilwa hiyo hiyo ina pweza wa Songosongo, na pweza ni mwalimu mzuri wa wahasibu. Huishi takribani mwaka mmoja tu na hukua upesi ajabu. Mwamba ukifungwa kwa miezi mitatu, pweza wadogo ambao wangechomolewa mashimoni wakiwa hawajatimiza kilo moja wanapata muda wa kunenepa na wengine wa kutaga. Njia hii ilipata umaarufu Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, kisha ikavuka bahari hadi Songosongo, Mafia na Kisiwa Panza huko Pemba. Siku ya kufungua ni kama sikukuu: wanawake kwa wanaume wanashuka na maji ya bamvua, wanunuzi wanangoja na mizani. Ushuru wa siku hiyo unaingia kwenye daftari la halmashauri kama ushuru mwingine wowote. Lakini waliolinda mwamba huo miezi mitatu, mchana na usiku, ni wanakijiji. Halmashauri inashiriki mavuno. Ishiriki na ulinzi.

Pemba na Unguja, ambako serikali za mitaa zimepangwa kwa namna nyingine na kamati za wavuvi za shehia ndizo zenye kazi, asasi ya Mwambao imekuza mfuko unaoitwa MKUBA, Mfuko wa Kutunza Bahari, unaounganisha mikopo midogo ya kijamii na kazi za uhifadhi. Mkopaji anaingia na wajibu kwa bahari. Wazo hilo linastahili kusomwa na kila afisa maendeleo ya jamii anayesimamia ile asilimia 10 katika wilaya za pwani na maziwa.

Sasa kuna viumbe ambao hakuna ushuru unaowafikia. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, samaki wadogo waliochipuka humo katika muda ambao kwa hesabu za maumbile ni mfupi mno, takribani miaka 15,000. Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 alilipuka kwa wingi miaka ya 1980, na kwa makadirio ya watafiti aina zipatazo 200 zikatoweka au zikakaribia kutoweka. Maji kuchafuka na kukosa hewa kulichangia pia. Sangara alijenga viwanda vya minofu, akaleta fedha za kigeni, akajaza daftari za ushuru. Furu hakuwa na stakabadhi. Nguva wa ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa naye hana. Bajeti inayomjali tu kiumbe anayeuzwa itawaacha hawa, na siku itakapogundulika kwamba furu walikuwa wakila mwani na kusafisha maji ya sato, hakuna fungu litakalowarudisha. Kwa hiyo fedha zinazorudi majini zisifungiwe kwa samaki wa sokoni peke yao. Mikoko ya delta ya Rufiji, iliyo mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ni kitalu cha kamba wanaotozwa ushuru kilomita nyingi kutoka hapo.

Kasa wanaonyesha kwamba hata asiyevuliwa anaweza kuingiza kitu. Asasi ya Sea Sense, iliyoanza mwaka 2001, iliwafundisha wanavijiji kulinda viota badala ya kuchimba mayai, na katika fukwe kama Ushongo wilayani Pangani na kisiwa cha Juani huko Mafia wageni hulipa kuangalia vifaranga vya kasa vikielekea majini, sehemu ya malipo ikibaki kijijini.

Kenya ilichukua njia ya katiba. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 majukumu ya kilimo yakiwemo ya uvuvi, huku ulinzi wa rasilimali ukibaki pia kwa serikali ya taifa, na ikaahidi kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti ya Kilifi au ya Homa Bay ina bunge lake, jambo ambalo wilaya za Tanzania kama Mkinga au Rorya hazina. Lakini fedha zikigatuliwa bila masharti hufuata mkondo ule ule. Bajeti za uvuvi za kaunti zimeelekea sana kwenye mashua, injini, nyavu na vyumba vya barafu, vitu vinavyoongeza uwezo wa kuvua, huku kazi bora za kulinda zikianzishwa na wananchi wenyewe. Kuruwitu, huko Kilifi, wavuvi walifunga takribani hekta 30 za bahari katikati ya miaka ya 2000, wakapata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Ghuba ya Gazi, Kwale, Mikoko Pamoja inauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko tangu 2013, na mapato yake yameleta maji na vitabu vya shule kwa vijiji vya Gazi na Makongeni.

Jambo ambalo pwani inaweza kujifunza limetoka bara, Makueni, kaunti isiyo na bahari. Mwaka 2015 Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, ikaufungia asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kuziachia kamati za wadi zichague miradi. Kaunti nyingine zikafuata, na baadaye serikali ya taifa na wafadhili wakaleta nyongeza kwa kaunti zilizotenga za kwao. Mpangilio huo umegeuza utaratibu wa kawaida: fedha ya nyumbani inatangulia, ya nje inafuata nyuma.

Mbali zaidi, Ufilipino imekwenda na wazo hili hadi mwisho. Sheria ya serikali za mitaa ya 1991 na sheria ya uvuvi ya 1998 ziliipa kila manispaa mamlaka juu ya bahari hadi kilomita 15 kutoka ufukweni. Vikosi vya raia vinavyoitwa Bantay Dagat hufanya doria, na manispaa nyingi huvipa fungu katika bajeti. Kisiwa kidogo cha Apo, ambako wavuvi na Chuo Kikuu cha Silliman chini ya mwanabiolojia Angel Alcala walianza kulinda mwamba mwaka 1982, kimekuja kujiendesha kwa ada za wazamiaji, kwa kanuni inayobakiza sehemu kubwa karibu na mwamba. Hata huko meya mpya anaweza kuja akapuuza, na uchaguzi unafanyika kila miaka mitatu. Maeneo yaliyodumu zaidi ni yale ambayo fedha zake zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa sheria kabla meya hajabadilika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Halmashauri nyingi hutegemea ruzuku ya serikali kuu kwa sehemu kubwa ya bajeti, na mapato ya ndani ni kidogo. Kuyakata tena kwa ajili ya samaki kunaweza kuonekana kama kumnyima mama mjamzito dawa. Lakini kinachopendekezwa hapa kinagusa ushuru na leseni za uvuvi tu, si mapato yote. Na halmashauri inayokusanya kutoka ziwani bila kurudisha ni kama mfugaji anayekamua bila kulisha. Zahanati itakosa dawa kwa uhakika zaidi siku mialo itakapokauka. Pia isiwe ushuru mpya. Mvuvi ametozwa vya kutosha. Anachodai, kwa haki, ni kuona alichokwisha kulipa kikifanya kazi mbele ya macho yake.

Upo pia mtazamo kwamba operesheni zinatosha. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipita Ziwa Victoria, nyavu haramu zikachomwa kwa marundo, faini zikatozwa, na malalamiko ya wavuvi yakafika bungeni. Nguvu ya aina hiyo huonyesha kwamba dola inaweza. Haiwezi kukaa mwaloni kila usiku, na ikiondoka, nyavu haramu za timba zinarudi kwa sababu mnunuzi wa samaki wachanga bado yupo. Kikundi cha kijiji chenye mafuta na kitabu cha hesabu kinakaa hapo mwaka mzima.

Hakuna haja ya kungoja sheria ya Bunge, ingawa ingefaa ije. Halmashauri za Tanzania tayari zinatofautisha katika bajeti zao kati ya mapato ya kawaida na mapato lindwa, yale ambayo matumizi yake yamefungwa, kama michango ya wananchi katika vituo vya afya. Sehemu ya mapato ya uvuvi inaweza kuingizwa katika kundi hilo kwa sheria ndogo. Kiwango kinachofaa kuanzia majadiliano ni moja ya tano, kwa kuwa chini ya hapo, katika wilaya nyingi, fedha zitaishia kwenye vikao. Nusu yake iende kwa BMU kulingana na mwalo ulikotokea ushuru, kwenye akaunti yenye watia saini wa kikundi na wa serikali ya kijiji, na hesabu zibandikwe mahali mnada unapofanyika. Iliyobaki ibaki wilayani kwa kesi mahakamani, takwimu, mikoko, na viumbe wasio na bei. Halmashauri zinazochangia ghuba moja, ya bahari au ya ziwa, zitunge sheria zinazofanana, ili kokoro lililofukuzwa Sengerema lisipate kimbilio Buchosa.

Sheria ndogo ya wilaya hupita kwa wananchi kwa ajili ya maoni, hujadiliwa na Baraza la Madiwani, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na vijiji huanza kukusanya vipaumbele vyao miezi mingi kabla. BMU inayotaka jambo hili liingie katika bajeti ijayo inahitaji kulipeleka mkutano mkuu wa kijiji sasa, na muhtasari wake ukiwa na namba: ushuru uliotoka katika mwalo ule mwaka jana, na kiasi kilichorudi.